Uso Kwenye Ubao wa Basi

Kaeni kitako, na aliye karibu na mlango aurudishie kidogo, maana hadithi hii haipendi kusikika nje.

Palikuwa na nchi. Si hii. Wala si ile ya jirani, ijapokuwa jirani naye ana ya kwake. Ilikuwa nchi nzuri, ina mito, ina milima, ina watu wanaosalimiana asubuhi na kuulizana habari za nyumbani, kisha wakaishia hapo hapo, kwa kuwa habari za kuvuka nyumbani zilikuwa na mwenyewe. Na mwenyewe aliitwa Mtukufu Baba wa Njia Zote.

Nchi ile ilikuwa na sheria nyingi, lakini mbili ndizo zilizoshika roho za watu. Ya kwanza ilisema: kila kitu cha umma kichorwe uso wa Mtukufu pale palipo papana kuliko pengine pote. Tangi la maji, ubavuni. Shule, ukutani. Hospitalini mafundi walizunguka wodi nzima wakaona palipo papana ni shuka, wakauchapa kwenye shuka. Tangu siku hiyo wagonjwa wa nchi ile walilala sakafuni, kwa heshima, na redio ikatangaza kwamba vitanda sasa vinatosha na vingine vinabaki wazi.

Ya pili iliitwa Sheria ya Uso. Uso wa Mtukufu usiegemewe, usitemewe mate, usifunikwe, usilazwe kifudifudi, na kubwa kuliko yote, usikanyagwe. Aliyekosea alipelekwa Bustani ya Tafakuri. Ni mahali pazuri sana, kila mtu alisema hivyo, ingawa hakuna aliyekwenda akarudi kusimulia. Kilichorudi ni viatu. Familia ilibishiwa hodi, ikakabidhiwa viatu vimepigwa rangi vikang'aa, ikashukuru.

Basi humo ndimo alimoishi Sikudhani binti Mwinchande, mtaa wa Kisimani, msukaji wa vikapu vya ukindu. Miguu yake ilikataa kazi tangu utotoni. Alikuwa na kiti cha magurudumu alichotengenezewa na mchomeleaji wa mtaani kwa vyuma vya baiskeli kuukuu, na kwa kiti hicho alifika kokote ambako hapakuwa na ngazi. Soko la vikapu lilikuwa ng'ambo ya mji, na ng'ambo ya mji hufiki bila basi, na basi lina ngazi. Konda alimshika makwapani, utingo akamshika miguu, wakamrusha ndani kama gunia la mkaa, kiti kikafungwa juu ya keria. Kuna siku walimshusha kituoni, kiti kikaendelea na safari. Alikaa kwenye vumbi la barabara mpaka jua likageuka, na watu wema wakampita wakimpa pole.

Yeye na wenzake wenye ulemavu waliomba. Hawakudai, katika nchi ile hakuna anayedai, waliomba. Waliomba mabasi ambayo mtu atapanda bila kurushwa. Waliomba muda mrefu hata waombaji wa kwanza wakafa na watoto wao wakaendelea kuomba. Kisha asubuhi moja redio ikasema wamejibiwa. Mtukufu ameona, Mtukufu ameguswa, mabasi yanakuja. Tena kuanzia leo watu hawa wasiitwe tena jina lolote ila Wananchi wa Heshima ya Pekee, na atakayekosea jina hilo atatafutwa.

"Sasa tumekwisha," akasema Hasina aliposikia redio. Hasina alikuwa shoga yake Sikudhani, haoni macho yote mawili, na mdomo wake ulikuwa haujafunzwa woga. "Serikali ikishakupa jina refu, ujue kuna kitu inakunyima."

"Nyamaza, Hasina. Ukuta una masikio."

"Ukuta una uso, shoga. Masikio ni ya jirani."

*

Aliyeleta habari nyumbani alikuwa Bwana Shomvi wa Itifaki, mtu mwembamba, mikono laini, anayezungumza kana kwamba kuna mtoto mchanga amelala karibu.

"Bi Sikudhani," alisema, "umeteuliwa."

Majirani waliokuwa kwenye baraza waliinuka mmoja mmoja wakakumbuka shughuli zao. Sikudhani ukindu ulimtoka mikononi.

"Nimefanya nini, baba?"

"Hujafanya kitu. Umeteuliwa kupanda basi. Siku ya uzinduzi, mbele ya Mtukufu, wewe ndiwe abiria wa kwanza wa Heshima ya Pekee. Tulitazama wengi. Una meno mazuri. Mtukufu akitenda wema hupenda kuona meno."

Akachukuliwa kwenda kwenye mazoezi, maana katika nchi ile hata kushangaa kulifanyiwa mazoezi. Kwenye kiwanja cha gwaride palikuwa na basi jipya linang'aa kama kanzu ya bwana harusi. Mlango wa mbele ulikuwa na ngazi, ndefu kuliko za mabasi ya zamani. Lakini ubavuni palikuwa na mlango wa pili, mpana, na Bwana Shomvi alipompungia dereva mkono, mlango ule ukafunguka, na kutoka ndani ukajikunjua ubao mkubwa wa bati, polepole, mpaka ncha yake ikagusa ardhi. Mteremko mzuri, wa taratibu. Sikudhani aliutazama mteremko ule toka juu mpaka chini, maana ndio alioomba tangu ujana wake.

Kisha akauona uso.

Mafundi walikuwa wametafuta palipo papana kuliko pengine pote, kama sheria isemavyo. Kwenye vioo si papana, kuna mabomba katikati. Ubavu umekatwa na milango. Palipo papana ni ubao. Wakauchora hapo, tangu kidevu mpaka utosi, kwa rangi ya mafuta. Ubao ulipokuwa umesimama ndani ya basi ulipendeza. Sasa umelala, na Mtukufu anatazama mawingu, kidevu kiko kwenye majani, na yeyote atakayeingia basini ataanzia kwenye kidevu, apite mdomo, apande pua, amalizie kwenye paji.

Mpiga tarumbeta alikuwa kaishikilia pumzi, akaimeza.

"Kunja," akasema Bwana Shomvi kwa sauti ndogo. "Kunja, kunja, kunja."

*

Waziri wa Mwendo, Mheshimiwa Ngwali, aliitisha kikao hapo hapo kivulini mwa basi. Alikuwa mtu mnene, na siku ile jasho lilimtoka mpaka kwenye vidole. Sikudhani aliachwa palepale kitini, pembeni yao, wakazungumza juu ya kichwa chake kama watu wanaouza mbuzi.

"Uchorwe upande wa chini," alisema mmoja.

"Ubao ukishuka, upande wa chini unalala matopeni. Unataka Mtukufu alale kifudifudi?"

Aliyesema akaomba radhi, akaomba tena.

"Tutandike zulia."

"Umfunike uso? Anayefunikwa uso ni maiti. Nani kasema Mtukufu ni maiti?" Waziri alitazama huku na huku. "Mimi sikusema. Mmesikia wote sikusema."

"Ufutwe, basi."

Hapo kila mtu alitazama mikono yake mwenyewe akaificha mfukoni, maana uso haujifuti.

Ndipo mwanasheria wa wizara, ambaye alikuwa amenyamaza kama mtu aliyemeza mfupa, akakohoa. "Waheshimiwa, tusome sheria. Sheria inasema usikanyagwe. Kukanyaga ni kazi ya mguu. Mguu haupo hapa. Kuna gurudumu. Gurudumu halikanyagi, gurudumu linapita. Na mwananchi huyu wa Heshima ya Pekee, kwa kudra ya Mungu, hana mguu unaofanya kazi. Kwa hiyo katika nchi nzima ni watu kama yeye tu wanaoweza kutumia ubao huu bila kosa. Ukitazama vizuri, mabasi haya yametengenezwa kwa hekima kubwa."

Wote wakaona hekima kubwa. Waziri akapumua, akajifuta shingo.

"Na Mtukufu akiona vingine?" akauliza Bwana Shomvi polepole.

"Akiona vingine," alisema mwanasheria, "aliyepita juu ya uso ni nani? Wizara? Wizara haikupita. Wizara imesimama pembeni inapiga makofi."

Wote wakageuka wakamtazama Sikudhani, kwa mara ya kwanza, kwa mapenzi.

"Mheshimiwa," alisema Sikudhani, na sauti ilimtoka kama si yake, "mimi naweza kubebwa. Nimezoea. Wanibebe kama siku zote, nipitie ngazini."

"Kubebwa?" Waziri alicheka mpaka tumbo likatikisika, ila macho hayakucheka. "Nchi imenunua mabasi ili msibebwe, bibi. Ukibebwa mbele ya Mtukufu umesema nini? Umesema ubao haufai. Na kusema ubao haufai, ubao ule ukiwa na uso ule..." Hakumaliza.

"Nikiumwa siku hiyo?"

"Kuumwa hakumo kwenye ratiba," alisema Bwana Shomvi kwa upole. "Wewe panda tu, mama. Utabasamu. Ukifika kwenye pua punguza mwendo."

*

Kutoka hapo Sikudhani hakula chakula kikashuka. Kila alichokitazama kilimtazama. Alisuka kikapu, mistari ya ukindu ikamfanyia nyusi; akakifumua. Alilitazama gurudumu la kiti chake, lile la kulia lenye tairi iliyochakaa, akaliona litakavyopita juu ya jicho, taratibu, na jicho lisifumbe.

"Kimbia," Hasina alimwambia adhuhuri moja wakimenya mihogo.

"Nikimbie? Mimi?"

"Ni neno tu, shoga. Jongea."

"Niende wapi? Na nikienda, nitapanda nini?"

Kisu cha Hasina kilisimama juu ya muhogo. "Mpaka wa nchi uko wapi, siuoni. Lakini wewe nawe huuoni, basi tuko sawa."

"Hasina, mimi naogopa. Sitaki cha basi tena. Nataka kwenda nikarudi. Nirudi hapa nimenye mihogo. Hilo tu."

"Utarudi."

"Wakinipeleka Bustani, wataleta nini nyumbani? Mimi sivai viatu."

Hasina aliutafuta mkono wa mwenzake akaushika, na mikono yote miwili ilikuwa baridi kama samaki.

*

Siku ya uzinduzi ilifika kama deni, haikosei mlango. Bendi ilipigwa. Watoto wa shule walipungishwa vibendera. Sikudhani alivishwa kanga mpya, akawekwa chini ya ubao uliokwisha kukunjuliwa, mikono juu ya magurudumu, meno nje. Aliambiwa akisikia "sasa" aanze. Mbele yake, hatua ndogo tu, kidevu cha Mtukufu.

Waziri Ngwali alihutubia. Alisema kabla ya Mtukufu hapakuwa na barabara, na kabla ya barabara hapakuwa na miguu, kwa hiyo kukosa miguu ni jambo lililoletwa na wakoloni. Alisema mataifa makubwa yametuma wajumbe kujifunza. Alisema mengi, na kila aliposema jina la Mtukufu alisita kidogo, kama mtu anayepita mahali penye nyoka.

Kisha Mtukufu mwenyewe akainuka kwenye kiti chake. Ilikuwa mara ya kwanza Sikudhani kumwona akiwa hai, si rangi. Alikuwa mzee. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko uso wake wa ubaoni.

Utepe ulikuwa umefungwa ndani ya basi, karibu na dereva, maana itifaki inasema kitu kizinduliwe kutokea moyoni mwake. Mtukufu alikwenda mpaka mlango wa mbele, akasimama mbele ya zile ngazi ndefu. Akainua mguu. Akaushusha. Akainua mwingine. Akaushusha nao.

Sasa, kila mtu katika nchi ile alijua kwamba hajui habari za magoti ya Mtukufu. Jukwaa lake lilikuwa limeshushwa mpaka likawa sawa na ardhi, na watu waliambiwa ni unyenyekevu. Hapo ngazini hapakuwa na unyenyekevu wa kusaidia. Bendi ilizidisha sauti. Maafisa wote waligeuza shingo wakatazama bendera, na bendera haikuwa na jambo.

Mtukufu alitazama ubavuni mwa basi, akaona mlango mpana na mteremko wa taratibu. Akaja. Alimpita Sikudhani karibu hata harufu ya dawa ya kuchua ikamfikia. Akashika chuma cha pembeni, akapanda. Kiatu cha kwanza kikatua kidevuni. Cha pili mdomoni. Akapumzika kidogo juu ya pua. Akaendelea, juu ya jicho la kushoto, mpaka paji, mpaka ndani.

"Ubao mzuri huu," alisikika akisema. "Hauumizi."

Mkasi ukalia. Makofi yakapigwa na watu waliofumba macho.

Halafu akatokea mlangoni ili ashuke, akatazama chini, na akaona. Kwenye kidevu cha rangi palikuwa na alama ya kiatu, kamili, kisigino na wayo, vumbi jekundu. Alisimama akaitazama kwa muda. Bendi ilinyamaza yenyewe.

"Nani amenikanyaga?" akauliza.

Hakupaza sauti. Aliuliza kama mtoto aliyeamshwa. Na kiwanja chote, na maelfu ya watu waliosimama, hakuna aliyekuwa na miguu. Kila mtu alijaribu kusimama asisimame. Waziri Ngwali alinyanyua mguu mmoja akabaki amesimama kwa mwingine kama korongo, kisha akaona huo uliobaki nao ni mguu, akaketi chini kwenye vumbi na suti yake. Mawaziri wengine wakaketi. Wanajeshi wakaketi. Mtukufu akashushwa kwa kupitia dirisha la dereva, amebebwa makwapani na miguuni.

Ubao ulikatwa kwa msumeno, ukapelekwa hospitali ya taifa, ukalazwa peke yake kitandani, na daktari akawekwa zamu.

*

Aliyepewa kazi ya kumtafuta mkosaji ni Afande Zongo wa Usalama. Alikuwa mtu wa kujua vitu. Alisifika kwamba anajua ulichoota. Alimketisha Sikudhani ndani ya hema la bendi, wawili tu, na ngoma kubwa katikati yao kama meza.

"Wewe ulikuwa karibu kuliko wote."

"Nilikuwa karibu, Afande."

"Gurudumu lako halikupita. Alama za gurudumu hakuna. Wewe huna kosa. Niambie tu ulimwona nani."

Sikudhani aliona njia mbili, na zote zinakwenda Bustanini. Akimtaja aliyemwona, amekufa. Akimtaja ambaye hakumwona, amemuua mtu. Akatafuta ya tatu.

"Nilikuwa nimeinamisha kichwa, Afande. Kwa adabu."

"Vizuri. Kichwa kikiinama, macho yanatazama wapi?"

"Chini."

"Na uso ulikuwa wapi?"

Sikudhani alijivutia kanga magotini.

"Ulikuwa chini," alisema Afande Zongo. "Kwa hiyo uliutazama. Kwa hiyo uliona kiatu. Na kiatu hakitembei peke yake, mama. Mimi si mtu mbaya. Nina watoto. Nipe jina moja tu, twende nyumbani wote."

Sikudhani akasema, "Aliyepita sikumtazama, Afande. Nilitazama uso wa ubaoni. Haukukunja ndita."

"Uso wa rangi utakunjaje ndita?"

"Haukukasirika. Ulikuwa..." alimeza mate ambayo hayakuwapo, "ulikuwa kama mtu anayejipitishia kiganja usoni mwenyewe. Mwenyewe hajichukii."

Afande Zongo alifungua mdomo aulize, akaufunga. Damu ilimshuka usoni ukabaki rangi ya jivu. Alitazama mlango wa hema, akatazama ngoma, kisha, polepole, akatazama viatu vyake mwenyewe. Alikuwa ameelewa, na katika nchi ile kuelewa hakuna dawa.

"Hujasema kitu," akanong'ona.

"Sijasema, Afande."

"Nami sikuwa hapa."

"Hukuwapo."

Alimwacha aende. Sikudhani alijisukuma mpaka Kisimani kwa barabara nzima, viganja vikachubuka, na hakusimama mpaka alipofika barazani kwake. Hasina alikuwa anamsubiri, akamgusa uso, akamgusa mabega, akamgusa magoti, kama mtu anayehesabu kuku jioni.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi."

Walilia, kisha wakamenya mihogo.

*

Lakini alama ya kiatu ilikuwapo, na sheria ilitaka mguu. Redio ikatangaza: kila mwenye miguu ataletwa na viatu vyake vyote avipimishe.

Kuanzia hapo ugonjwa mgeni ukaingia mjini. Ulishika wakubwa tu. Waziri Ngwali aliamka miguu haifanyi kazi. Mwanasheria aliamka hivyo hivyo. Akakumbusha kwamba gurudumu halikanyagi. Bwana Shomvi alipooza taratibu, kwa itifaki, kulingana na cheo. Wakubwa wakanunua viti vya magurudumu mpaka vikaisha madukani, vikaisha hospitalini, wakaanza kufuata vya watu majumbani. Asubuhi ungewaona wanasukumana kwenda ofisini, mashavu yamenona, wenye afya tele, na wananchi wanawapa pole. Redio ilisifu: hakuna serikali duniani yenye Wananchi wa Heshima ya Pekee wengi kama yetu. Mbao za mabasi zilifungwa kwa minyororo, zisishuke tena.

Afande Zongo alifika Kisimani mwenyewe, kwa miguu, anatazama nyuma.

"Nimekuja kuazima kiti," alisema. Hakumtazama usoni. "Kwa ajili ya taifa."

"Afande, bila kiti mimi..."

"Ni kuazima."

Akakaa, akajisukuma. Hakujua kusukuma, aligonga nguzo ya baraza mara kadhaa. Sikudhani alibaki kwenye mkeka akimtazama anavyokwenda, na woga uliokuwa umeanza kulala ukaamka ukakaa kitako.

*

Siku ya mtaa wao kupimwa, kituo cha basi kilijaa watu, kila mmoja na viatu vyake mkononi. Hasina alimbeba Sikudhani mgongoni, Sikudhani akawa macho yake: kushoto, kuna shimo, inua mguu. Meza zilipangwa, askari wanapima wayo kwa wayo. Nyuma ya meza, kwenye kiti cha vyuma vya baiskeli, alikaa Afande Zongo.

Ndara za Hasina zilipimwa zikaachwa. Viatu vya watu wote vilipimwa vikaachwa. Hakuna kilicholingana, kama ambavyo katika mitaa mingine yote havikulingana.

"Mwingine," alisema askari. Akamtazama Sikudhani aliyewekwa chini. "Kiatu chako?"

"Sina kiatu, mwanangu."

"Umekiacha nyumbani?"

"Sijawahi kuwa nacho."

Askari aligeuka kwa mkubwa wake. Watu walisogea, wakaacha duara. Afande Zongo alitafakari huku akilamba midomo iliyokauka.

"Viatu vyote vya nchi hii vimeletwa," alisema, "na hakuna kilicholingana. Kwa hiyo kilichokanyaga ni kiatu ambacho hakikuletwa. Ambaye hakuleta kiatu ni mmoja tu."

"Afande," alisema Sikudhani, "mimi sitembei. Kiti ulichokalia ni changu. Unanijua."

"Wananchi wa Heshima ya Pekee wana viti," alisema Afande Zongo, na sauti yake ilitetemeka kuliko ya Sikudhani. "Kiti chako kiko wapi?"

Hasina peke yake ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida, "Huyu mtu anaogopa nini hata sauti inatoka hivyo?" Na watu wakamziba mdomo kwa kumwonea huruma.

Basi likaja. Si la watu wote. Lilikuwa la rangi ya majivu, lina vioo vya giza, linatoka Bustani ya Tafakuri. Na sasa Sikudhani akaona jambo ambalo hakulitegemea. Basi lile halikuwa na uso. Si ubavuni, si mlangoni, si popote. Katika nchi nzima hicho ndicho kitu pekee cha umma ambacho Mtukufu hakutaka kuonekana nacho. Mlango wa ubavuni ukafunguka, na ubao ukajikunjua polepole, bati tupu, safi, mpaka ncha yake ikagusa ardhi.

Afande Zongo akainuka kitini. Alisimama wima kwa miguu yake miwili mbele ya watu wote, akamnyanyua Sikudhani, akamkalisha kwenye kiti kile, akashika mishikio, akamsukuma yeye mwenyewe kupanda mteremko, hatua kwa hatua, viatu vinalia juu ya bati. Na kituoni pote hakuna aliyeona miguu.

"Sikudhani," aliita Hasina kutoka chini, akigeuza sikio huku na huku. "Shoga, umepanda? Wamekuumiza?"



"Nimepanda," ikasikika sauti kutoka gizani mle. "Hawakunirusha."

Ubao ukaanza kujikunja.